Gari Lililoingiwa na Upepo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Kinasih hufungua boneti ya gari. Si mimi ninayemtuma. Alianza mwenyewe tangu miguu yake haijagusa sakafu akikaa kwenye kiti cha dereva. Husimama juu ya kreti la chupa, nywele bado zinadondosha maji ya kuoga, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza tena, kisha akakiinua kwenye mwanga kama muuguzi anayesoma kipimajoto.

"Oili ipo, Mbah!" huniambia, yaani babu.

"Maji?"

"Yapo!"

"Chujio la hewa?"

"Ndiyo nalikung'uta. Lik Parjan jana kakatakata tumbaku hapa karibu tena. Vumbi lake lote limo humu."

"Mwambie."

"Nimemwambia. Kasema acha na gari livute sigara kidogo."

Parjan, jirani yetu ambaye wadogo humwita Lik, yaani mjomba, husikia kila neno, maana ukuta wake na wetu ni mmoja. "Mtoto huyo akikua atakuwa polisi!" hupiga kelele kutoka jikoni kwake. "Na mimi ndiye atakayemfunga wa kwanza!"

"Uoge kwanza, Lik, ndipo nikufunge!" Kinasih humjibu, na siku yetu inaanza hivyo, kwa kicheko na harufu ya muhogo wa kuchemsha.

Gari hilo tunaliita Kebo, yaani nyati, kwa sababu ni pana, ni zee, na likikasirika husimama katikati ya njia. Nililinunua baada ya mke wangu Ngatinah kufariki. Kijiji chetu cha Wanakerta kiko juu, ubavuni mwa mlima Sumbing, na hospitali iko chini mjini. Tuna gari la dharura la kijiji. Limeandikwa hivyo mlangoni kwa herufi kubwa: LA WANANCHI. Siku Ngatinah alipobanwa na kifua, gari la wananchi lilikuwa limempeleka Pak Lurah, mkuu wetu wa kijiji, harusini. Tulisubiri. Liliporudi, likiwa na mabaki ya pilau, mke wangu alikuwa amekwisha funikwa shuka. Nilipokwenda ofisini kuuliza, niliambiwa gari lilikuwa karakana. Nikauza ng'ombe wangu, nikamnunua Kebo, nikaapa kwamba nyumbani kwangu hatakufa mtu mwingine kwa kusubiri.

Mwaka ninaousimulia, binti yangu Ratri, mama yake Kinasih, alikuwa mjamzito. Mumewe yuko mbali, Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi. Kwa hiyo mlezi wa ujauzito ule nilikuwa mimi, na Kinasih, na Kebo.

Na Kebo akaanza kuumwa.

Ilikuwa msimu wa kuanika tumbaku, kijiji kizima kimetandazwa vitanda vya mianzi, na vumbi laini la majani linaingia hata kwenye chai. Kebo akisimama alikuwa akitetemeka kama mtu mwenye homa. Akipanda kilima cha makaburini alipumua kwa shida, akakohoa, akazima. Nikamwita Gimin, fundi wa njia panda, kijana ambaye mdomo wake haufungi hata akiwa ameuma skrubu kwa meno.

"Mbah Karso, nyati wako kafanya nini?"

"Anakohoa. Akiona kilima anataka kuzimia."

"Anakula?"

"Anakunywa petroli kama zamani."

"Basi tumbo halina neno. Tumwangalie pua."

Alizima injini, akaacha ipoe. Kinasih alikwisha panda juu ya kreti lake. Gimin akamwonyesha kidude cheusi kilichochomekwa kwenye bomba, mbele kidogo ya chujio la hewa. Akampa bisibisi. "Haya, daktari. Chomoa plagi kwanza, usivute waya. Sasa skrubu. Taratibu."

Kinasih akakitoa. Gimin akakielekeza kwenye jua. "Hiki ni kipima hewa. Chungulia kwenye tundu, ila usitie kidole. Unaona nini?"

"Nyuzi. Nyembamba kama nywele za mtoto mchanga."

"Enhe. Umeme unazipasha moto. Hewa ikipita inazipoza, kama unavyopuliza chai. Zikipozwa sana, kompyuta ya gari inajua hewa iliyoingia ni nyingi, inatoa petroli ya kulingana nayo. Zikipozwa kidogo, inatoa kidogo. Sasa hizi zimevaa koti la vumbi la tumbaku. Upepo unapita, zenyewe hazisikii baridi. Zinaiambia kompyuta, 'Bosi, leo upepo hafifu.' Na kompyuta haina macho. Inaamini tu inachoambiwa."

"Kama wale wanaopeleka ripoti wilayani kwamba barabara yetu ni nzuri," nikasema.

Gimin akacheka. "Mbah, kwako wewe kila kitu serikali!"

"Kwa sababu kila shimo ninaloangukia lina mtu aliyelitilia sahihi."

"Haya, tusigombane. Kwa kifupi, gari lako limeingiwa na upepo!" Akajipiga paja kwa utani wake mwenyewe. "Lina dawa yake. Ya kupuliza, ya kopo. Langu limekwisha, nimeagiza mjini. Likifika nitakuja. Kwa leo litajikokota hivyohivyo."

Akakirudisha kipima hewa mahali pake, akaondoka. Sisi wakubwa tulicheka. Kinasih hakucheka.

Nyinyi mnaosoma mtajiuliza kwa nini. Huku kwetu, mtu akiumwa kichwa, akihisi baridi mgongoni na tumbo limemjaa, tunasema ameingiwa na upepo. Na tiba yake kila nyumba inaijua. Unapakwa mafuta ya kayuputi, yale ya chupa ndogo ya kijani yenye harufu kali ya majani, kisha mgongo unakwaruzwa kwa sarafu mpaka utoke mistari myekundu kama mifupa ya samaki. Marehemu mke wangu alikuwa bingwa. Kinasih amekwaruzwa na bibi yake mara nyingi kuliko alivyopelekwa zahanati. Chupa ya mwisho ya bibi, iliyobaki na mafuta kidogo chini, ilikuwa bado kabatini. Hakuna aliyethubutu kuitumia.

Jioni ile, mimi nikiwa nageuza tumbaku, Kinasih alichukua chupa hiyo. Akafungua boneti, akachomoa plagi, akalegeza skrubu, kila kitu kwa mpangilio kama alivyofundishwa. Alikuwa ameambiwa asitie kidole, na kidole hakutia. Alizungushia pamba kwenye kijiti cha kibiriti, akaichovya kwenye mafuta ya bibi yake, akaupaka ule uzi kwa upole, huku akiuambia, kama bibi alivyokuwa akimwambia yeye, "Toka, upepo, toka. Nenda kwenye migomba." Alitaka kumalizia kwa sarafu lakini haikupenya kwenye tundu. Namshukuru Mungu kwa wembamba wa lile tundu.

Mtoto yule alifanya kazi ile kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Na aliharibu.

Asubuhi Kebo aliwaka, akatetemeka, akazima. Nikawasha tena. Akazima. Zamani alikuwa akijikokota, sasa hata kutoka uani hawezi. Kinasih alisimama kando akiwa na begi la shule mgongoni. Hakusema oili ipo wala maji yapo. Mimi sikuona. Nilikuwa nalitukana gari, na mwenye barabara, na waliomchagua.

Siku hiyohiyo mkunga wetu, Bu Nastiti, alikuja kumpima Ratri. Alikaa naye muda mrefu chumbani, akatoka anapangusa mikono.

"Mbah, mtoto hajageuka. Ametanguliza makalio. Sitaki azaliwe hapa, na sitaki msubiri uchungu uanze. Mpelekeni hospitali mapema. Gari lenu si lipo?"

"Lipo," nikasema.

Nikampigia Gimin. Alikuja kesho yake asubuhi, na kopo la dawa limo kwenye mfuko wake. Alipoona Kebo anawaka na kuzima papo hapo, akakuna kichwa.

"Juzi si lilikuwa linatembea?"

"Lilikuwa."

"Kuna mtu alikigusa kile kipima hewa?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mbah? Lik Parjan? Daktari wangu, wewe?"

Kinasih aliangalia kandambili zake. "Hapana, Mas," akamwambia, yaani kaka.

"Una hakika?"

"Hapana. Sijakigusa."

Gimin akatikisa kichwa. "Basi ubovu huu ni mpya. Uchafu wa vumbi haumzimi mtu ghafla namna hii. Itakuwa pampu ya petroli. Kipima hewa tutakisafisha mwisho. Nisaidieni tushushe tangi."

Sasa oneni jinsi neno moja linavyotembea. Fundi alikuwa mzuri, vyombo alikuwa navyo, dawa iliyotakiwa ilikuwa kwenye mfuko wake, hata mkono haukuhitaji kufika mbali. Lakini alipewa habari isiyo ya kweli, akaiamini, akaingia chini ya gari. Alilala kwenye vumbi, petroli ikimdondokea shingoni, mimi na Parjan tumelibeba tangi kama jeneza. Asubuhi yote ikaishia huko chini.

Jua lilipokuwa limesimama kichwani, Ratri akaja mlangoni, ameshika nguzo. "Bapak, mgongo unanivuta."

"Unavutwa vipi?"

"Unakuja, unaondoka. Unakuja tena."

Nikamtuma Kinasih akamwite Bu Nastiti. Nikamtuma Parjan mbio ofisi ya kijiji akaombe gari la dharura. Parjan alirudi anahema, mikono mitupu.

"Halipo. Wamekwenda nalo wilayani, Pak Lurah na wenzake. Wamekwenda kupokea kikombe."

"Kikombe cha nini?"

Parjan akasita. "Usikasirike, Mbah."

"Cha nini?"

"Cha huduma bora ya dharura."

Nilikaa chini. Sikuwa na nguvu hata ya kutukana, na wanaonijua watawaambia hilo si jambo dogo.

Bu Nastiti alifika, akamtazama Ratri, akasema kwa pikipiki haiwezekani, kwa mashimo yale hapana kabisa. "Bado tuna nafasi," akasema, "lakini msiichezee."

Chini ya gari Gimin akapiga kelele. "Pampu nzima! Nzima kabisa, haina hata kutu!" Nikasikia spana ikitupwa. Akatoka amekunja uso, tukaurudisha ule mzigo mahali pake, akawasha. Kebo akanguruma, akatetemeka, akazima. Akawasha tena na tena mpaka injini ikapata moto.

Mimi niliinama chini ya boneti, sijui kutafuta nini. Macho yangu hayana elimu ya humo. Ndipo ikanijia, kutoka kwenye bomba la hewa, ikipanda na joto. Harufu kali ya majani. Harufu ya shingo ya Ngatinah, ya shali yake, ya usiku wote aliokesha na watoto wetu wagonjwa. Nikadhani ni akili yangu imechoka. Machozi yakanitoka mbele ya watu.

"Nanusa harufu ya bibi yenu," nikasema. "Yuko hapa. Labda amekuja kumchukua Ratri."

Gimin alinitazama kama mtu anayetafuta pa kunikalisha.

"Si bibi, Mbah," sauti ndogo ikasema nyuma yangu. "Ni mimi."

Kinasih alikuwa amesimama na chupa ya kijani mkononi, tupu. Alikuwa akitetemeka kuliko Kebo. "Mas Gimin alisema gari limeingiwa na upepo. Nikalipaka mafuta ya bibi. Kwa pamba. Nikarudisha. Halafu likazima, nikaogopa. Nikaogopa hamtaniachia tena Kebo. Na mafuta ya bibi nimeyamaliza. Nilidanganya, Mbah. Nilikigusa."

"Mtoto huyu!" Parjan akafoka. "Asubuhi nzima tumebeba tangi! Mama yake yumo ndani anaumwa, na yeye..."

Mkono wangu ulinyanyuka. Sitaki kuwaficha, ulinyanyuka kwa hasira. Halafu maneno yale yakanirudia masikioni. Ni mimi. Tangu mke wangu afe nimekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, la ofisi ya kata, la ofisi ya wilaya. Nimeletewa chai, nimeambiwa njoo kesho, nimeambiwa karakana. Hakuna mtu mzima hata mmoja, mwenye viatu vya kung'aa na kalamu mfukoni, aliyewahi kuniambia maneno hayo mawili. Na huyu hapa, mtoto wa darasa la tano mwenye kandambili, ameyasema mbele ya watu wote.

Mkono ukashuka, ukakaa kichwani pake.

"Umesema, Nduk, binti yangu," nikamwambia. "Vizuri. Sasa mwambie fundi kila kitu, pole pole, usiruke kitu."

Akaeleza yote, hadi sarafu iliyokataa kupenya. Gimin alikwisha chukua bisibisi. Akachomoa plagi, akakitoa kipima hewa, akachungulia. "Lahaula! Pua yenye mafuta na pamba! Huyu kweli ni mgonjwa wa Wanakerta." Kisha sauti yake ikalainika. "Na mimi na utani wangu. Nilipaswa kukuambia wazi: usikiguse kwa kitu chochote. Uzi haujakatika, tuna bahati."

Akatoa kopo, akapuliza. Maji meupe ya dawa yakapita kwenye nyuzi, yakatoka rangi ya chai, yakavuta na nyuzinyuzi za pamba. Akapuliza tena mpaka yakatoka meupe kama yalivyoingia. Hakufuta. Hakugusa. Bomba lenyewe akalifuta kwa kitambaa kikavu. Kipima hewa akakiweka juu ya sahani safi, akampa Kinasih.

"Kaa nacho pale upande wa upepo, mbali na jiko. Wewe ndiye mlinzi. Kikikauka kabisa, niambie. Kikirudishwa kibichi kitaungua, na hapo hakuna dawa tena."

Yeye akafungua waya wa betri. "Kompyuta imezoea kusikia uongo siku zote hizi," akasema. "Acha isahau, ianze upya."

Basi tukasubiri. Mimi, niliyeapa kwamba nyumbani kwangu hakuna kusubiri tena. Kutoka dirishani Ratri aliguna, akanyamaza, akaguna. Bu Nastiti alikuwa akimwambia apumue.

Parjan hakuweza kutulia. "Kipulizeni kwa mdomo!"

"Mate, Lik," Kinasih akasema.

"Basi kifuteni kwa ncha ya kitambaa!"

"Pamba ndiyo iliyotufikisha hapa, Lik."

"Kibanikeni kidogo kwenye jiko la mke wangu!"

"Lik, dawa hii inashika moto!" Gimin akafoka. "Unataka kutuchoma sote?"

Nikamwendea Kinasih. Kutoka ndani Ratri alipiga kelele, ya kwanza ya kweli. Nilitaka kusikia jibu moja tu.

"Kimekauka, Nduk?"

Mama yake alikuwa akilia, babu yake amemwinamia, kijiji kizima kinamtazama. Akaiinua sahani kwenye mwanga, akachungulia ndani ya tundu.

"Bado, Mbah. Kwenye kona kuna unyevu."

Hakuna aliyempenda kwa jibu lile. Tukasubiri tena. Akageuza kidogo sahani, akachungulia, akachungulia tena. Mwishowe akasimama. "Sasa," akasema.

Gimin hakumuuliza ana hakika au vipi. Akakichukua, akakirudisha, skrubu, plagi, waya wa betri. Akaniachia ufunguo. Nikawasha.

Kebo alinguruma, akayumba kidogo kama mtu aliyeamka kutoka usingizini, akatafuta pumzi yake, akaipata. Akatulia. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, nene, ya mvivu aliyeshiba. Parjan alilibusu boneti akaungua mdomo.

Tulimlaza Ratri nyuma juu ya godoro, Bu Nastiti kando yake, Kinasih amemshika mkono. Njia ya kwetu kabla ya kuteremka hupanda kwanza kilima cha makaburini. Nilikanyaga mafuta nikiwa nimeuma meno. Kebo akapanda. Hakukohoa. Tulipita penye kaburi la Ngatinah kwa mwendo ambao sikumbuki Kebo kuwahi kuwa nao, na harufu ya kayuputi ilikuwa bado imo ndani ya gari pamoja nasi.

Mtoto alizaliwa jioni, kwa upasuaji, wa kiume, analia kwa hasira kama babu yake. Ratri alikuwa salama. Baba yake mtoto, kwa simu kutoka Kalimantan, alimwachia Kinasih achague jina. Akamwita Bayu, yaani upepo. Gimin alipoambiwa alicheka mpaka simu ikamdondoka.

Tukiwa kwenye benchi nje ya wodi, Kinasih aliniegemea bega.

"Mbah, bado utaniachia Kebo?"

"Nikuulize wewe kwanza. Kazi ya kile kipima hewa ni nini?"

"Kupima hewa."

"Na baada ya kupima?"

Akafikiri. "Kuiambia kompyuta ukweli."

"Ndiyo. Hakina kazi nyingine duniani. Kikichafuka hakimwudhi mtu, hakipigi kelele, kinasema tu upepo hafifu. Na gari zima linakufa kilimani kwa kuamini. Jana na leo asubuhi wewe ulikuwa kipima hewa kichafu, Nduk. Fundi alikuuliza, ukampa habari ya uongo, akaenda kushusha tangi zima. Kukosea ulikosea kwa mapenzi, na kosa la namna hiyo mimi ningelisamehe kabla hujamaliza kulieleza. Lakini uongo ulitaka kumchukua mama yako. Na ukweli wako ndio uliomleta hapa. Hata ule wa 'bado kuna unyevu', ambao hakuna aliyetaka kuusikia."

Alilia kidogo, nikamwacha. Kisha nikasema, "Kebo ni wako. Nani mwingine atamkung'uta vumbi la Lik Parjan?"

Siku tuliporudi nyumbani na mtoto, Pak Lurah alikuja kutupongeza. Alileta biskuti, na kijana wa kupiga picha. Akanywa chai yetu, akamsifu Bayu, akasema kwa bahati mbaya siku ile gari la dharura lilikuwa karakana.

Karakana. Neno lilelile, kwa sauti ileile.

"Pak Lurah," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikupaza sauti, "siku ile mjukuu wangu alikuwa ameliharibu gari letu. Angeweza kusema karakana. Alisema ni mimi. Ndiyo maana tulifika."

Aliweka kikombe chake chini, akamwita kijana wake, wakaondoka. Picha hazikupigwa. Lakini wiki iliyofuata ufunguo wa gari la dharura ulitundikwa nyumbani kwa Bu Nastiti, na upo hapo mpaka leo. Simshukuru. Ulipaswa kuwa hapo siku zote.

Gimin alimletea Kinasih kopo lake mwenyewe la dawa. Kila msimu wa tumbaku ukiisha, anazima injini, anaiacha ipoe, anachomoa plagi, anatoa kipima hewa, anapuliza bila kugusa. Kisha anakaa na sahani yake upande wa upepo, mdogo wake mapajani. Mafuta ya kayuputi tumenunua chupa mpya, na kazi yake sasa ni tumbo la Bayu tu.

Juzi nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

"Oili ipo, Mbah! Maji yapo!"

"Na kipima hewa?"

"Bado hakijakauka."

Nikavuta kreti la chupa, nikakaa karibu yao, nikasubiri.